Bhalo au Zein: Ubishi Usiofaa Kuamuliwa

Ukitaka kumjua jirani yako vizuri, usimwulize ana minazi mingapi wala mwanawe ameajiriwa hoteli gani. Mwulize anapenda nyimbo za nani, halafu umpinge. Hapo ndipo utakapomwona mtu mzima akiinuka kitini, kofia imemwenda upande, kikombe cha kahawa kiko juu mkononi, kana kwamba anatoa ushahidi mbele ya kadhi.

Jambo hili hutokea sana katika baraza za Mwabungo, kijiji cha Kwale kilichoko kusini ya mahoteli ya Diani, kwenye njia ya kuelekea Msambweni. Baada ya sala ya Isha, wavuvi wamekwisha kuvipandisha vyombo vyao mchangani na vijana wa bodaboda wanangoja abiria wa mwisho, watu huketi. Husemwa habari za bei ya samaki, za mashamba na hati zake, za nani ameposa na nani amekataliwa. Lakini usiku hauishi mpaka mmoja achokoze: "Jamani, baina ya Bhalo na Zein, bingwa ni nani?"

Basi hapo usingizi umekwisha.

Mabingwa wenyewe wametangulia mbele ya haki. Mohamed Khamis Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin akamfuata mwaka 2016. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Lakini kesi yao haijafungwa, na kila mwaka hupata mawakili wapya ambao hata hawakuwahi kuwaona wakiimba.

Wako wanaoona kuwa ubishi huu ni upuzi. Husema kipendacho roho hula nyama mbichi, basi kuna haja gani ya watu wazima kupigiana kelele juu ya sauti ya mtu na nyuzi za udi? Kila mmoja na asikilize chake, anyamaze, alale.

Mimi nina rai tofauti. Nathubutu kusema kwamba ubishi wa nyimbo ni miongoni mwa mambo mema tuliyobakiwa nayo katika ujirani wetu. Ni darasa lisilo na ada, na ndio uliotuhifadhia nyimbo zenyewe. Tukiuacha ufe, hatutapoteza kelele tu, tutapoteza na kile tulichokuwa tukikipigia kelele.

HOJA ZA PANDE MBILI

Hebu tuzitazame hoja zinavyokwenda, maana asiyezijua hudhani ni watu wanaorudia majina mawili usiku kucha.

Mpenzi wa Bhalo huanza na sauti. Bhalo alizaliwa Malindi, akavuma Mombasa, na sauti yake ilikuwa na kilio ambacho kiliwatoa watu machozi hata katika harusi. Mahadhi yake mengi aliyachukua katika nyimbo za filamu za Kihindi. Watu wa Mombasa wa wakati ule walikuwa wakizijua nyimbo hizo kutoka sinema, kwa hivyo Bhalo alipozivika maneno ya Kiswahili, alikuta masikio yamekwisha kufunguliwa mlango.

Mpenzi wa Zein hudakia hapo hapo. Atasema: umekiri mwenyewe kwamba mahadhi ni ya kuazima! Zein alitoka Lamu, akaishi Mombasa, na udi mkononi mwake ulikuwa ukisema kabla yeye hajafungua kinywa. Alizifufua sauti za zamani za Amu na akafuata njia ya Kiarabu. Huyu, atasema, ndiye aliyeirudisha taarabu nyumbani kwake.

Hapa ndipo panapoanza utamu. Wa upande wa Bhalo huuliza: nyumbani kwake wapi? Udi nao si ulikuja na jahazi? Na taarabu yenyewe, hata jina lake si la Kiarabu? Inajulikana kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohamed bin Ibrahim akajifunze muziki, aje ampigie katika jumba lake. Kisha vijana wa Unguja wakaunda Ikhwani Safaa mwaka 1905, wakaagiza ala kutoka ng'ambo. Basi ikiwa kuazima ni kosa, tumhukumu Bhalo peke yake?

Mara mwingine aliyekuwa kimya atamtaja Siti binti Saad. Mwanamke huyu wa Fumba, aliyezaliwa katika umasikini, alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, na santuri zile zikaenea pwani yote. Kabla yake taarabu ya jumbani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliwaimbia watu kwa lugha yao. Shaaban Robert aliona maisha yake yanafaa kuandikiwa kitabu, akakiandika. Kwa hivyo, atasema mzee huyu, ala zinaazimwa na mahadhi yanaazimwa, lakini maneno ni yetu. Tupime maneno.

Tazama ubishi umefika wapi! Ulianza na "mimi nampenda huyu", sasa uko kwenye maneno. Na ukifika kwenye maneno unakuta kwamba nyuma ya kila mwimbaji amesimama mshairi. Nyimbo nyingi za Juma Bhalo zilitungwa na Ahmad Nassir, jamaa yake, yule yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Nyuma ya Zein alikuwako Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, bingwa wa lugha aliyefariki mwaka 2017. Watu waliodhani wanabishana juu ya sauti mbili wanajikuta wanabishana juu ya miji miwili: Mvita na Amu.

Na ubishi wa miji hiyo si wa leo. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama uliofikia vita vya Shela, washairi wao walirushiana tungo. Upande huu Muyaka bin Haji, upande ule Zahidi Mngumi. Vita vile vimekwisha na waliopigana hatuwajui kwa majina, lakini mashairi yamebaki. Yamebaki kwa sababu kila mshairi alilazimika kuyasikiliza ya mwenzake kwa makini ili apate kumjibu.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya ubishi. Anayetaka kushinda lazima asikilize cha mwenziwe. Nimemsikia mtu wa Bhalo akiusoma wimbo wa Zein kwa moyo, beti kwa beti, ili aonyeshe mahali alipoona una kasoro. Mshabiki wa namna hii ana thamani zaidi kwa Zein kuliko mia wanaotikisa vichwa tu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fani isiyo na wabishi ni kama mgema huyo, haitakawia kutuuzia maji.

NA SENGENYA JE?

Lakini Mwabungo si Mvita wala si Amu. Ni nchi ya Wadigo, na Kaya Kinondo haiko mbali. Kwa hivyo katika kila baraza hapakosi mtu, aghalabu mzee, atakayegonga fimbo chini na kuuliza: "Nyinyi mnapigana kwa ajili ya watu wa mijini. Sengenya yenu iko wapi?"

Swali hili lina uchungu, na nakiri kwamba mara nyingi huleta kimya. Sengenya ni ngoma ya Wadigo, yenye ngoma zake za ukubwa mbalimbali na nzumari inayoongoza. Ngoma hiyo haikuletwa na jahazi wala haikuagizwa Bombay. Lakini leo kijana wa Kwale ana nafasi kubwa ya kuiona katika sikukuu za serikali au mbele ya wageni hotelini kuliko katika harusi ya dada yake.

Vijana hujibu kwamba hakuna anayeikataa sengenya. Wao husema taarabu nayo imekwisha kuwa yetu: bibi zetu waliolewa kwayo, na redio za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilituimbia tangu hatujazaliwa. Isitoshe, mpaka wa Lunga Lunga uko karibu. Tanga iko karibu nasi kuliko Lamu, na ndiko zilikotoka Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia magitaa katika taarabu na kuipeleka Shakila Said kila nyumba ya pwani hii. Kwa nini Mdigo aulizwe pasi anapompenda Shakila?

Pande zote mbili zina haki. Mwacha asili ni mtumwa, hilo hatukatai. Lakini asili nayo si kaburi la kuzungushiwa ua. Mzee anayetaka sengenya ipendwe hana budi kufanya kama wafanyavyo watu wa Bhalo na wa Zein: awafundishe vijana kuisikiliza. Awaambie ngoma hii inajibu nini, nzumari inaita nini, maneno haya yana fumbo gani. Kulalamika kwamba vijana wameacha mila hakujamfanya kijana yeyote kuipenda ngoma. Lakini mzee aliyesema, "Njoo nikuonyeshe kwa nini hii ni bora kuliko hiyo yako," huyo amempa kijana heshima ya kubishana naye, na pengine amempata mrithi.

Kuna neno jingine ambalo sisi wanaume wa barazani hatupendi kulisema. Waamuzi wa muziki wa pwani hawako barazani, wako uani. Harusi ni za wanawake. Wao ndio wanaoamua kikundi gani kiitwe, wimbo gani urudiwe, na ni nani wa kutuzwa. Wakati sisi tunatoleana jasho juu ya Bhalo na Zein, ndani ya nyumba kesi ni nyingine kabisa: Zuhura Swaleh na chakacha yake, pamoja na taishokoto, ile ala ya Kijapani yenye vidude vya kubonyeza ambayo watu wa Mombasa waliichukua wakaifanya yao; au Malika; au Shakila. Mtu akitaka kujua kwa nini wimbo fulani umedumu miaka 40, na aende akamwulize mama yake. Nina hakika atarudi barazani akiwa mpole zaidi.

KHITILAFU NI YA ZAMANI

Katika kila kundi la majirani yuko pia yule ambaye, muziki ukitajwa, hujifunga shuka akaondoka. Yeye anaitakidi kwamba ala hizi hazifai kwa Mwislamu, na hataki kushiriki hata katika kuzisema. Mtu huyu hana budi kuheshimiwa. Si mshamba, wala hana chuki. Anayo rai ambayo wanazuoni wakubwa waliishika kabla yake.

Lakini na yeye hana budi kujua kwamba khitilafu hii ni ya zamani. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari mashuhuri ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi katika chumba cha Bibi Aisha. Sayyidna Abubakar alipoingia akawakemea, na Mtume, sala na amani zimshukie, akamwambia awaache, kwa kuwa ile ilikuwa siku ya sikukuu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika mlango mzima juu ya usikilizaji katika Ihya, akapambanua usikilizaji ufaao na usiofaa. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikuwa mkali zaidi. Hawa ni milima ya elimu, na milima haikukubaliana.

Hapa petu tunao mfano ulio karibu. Habib Swaleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha kule Lamu na kufariki mwaka 1935, aliisoma Maulidi kwa matwari, na wako watu wa heshima katika mji ule ule waliompinga. Walibishana kwa elimu na kwa ukali pia. Leo Maulidi ya Lamu yanawakusanya watu kutoka pwani yote, na wasiopenda matwari bado wapo, na bado wanazikana na kuoleana. Hivyo ndivyo watu wa mji mmoja wanavyoweza kukhitilafiana.

Lakini ziko hoja za dini ambazo hata mpenzi mkubwa wa taarabu hawezi kuzikwepa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu, aliikemea israfu ya harusi na ngoma za wakati wake. Na alikuwa na sababu. Mombasa ya siku zile ilikuwa na vyama vya lelemama vya wanawake, vikubwa wao vikiwa Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi na karamu. Ushindani ule ulikuwa na raha yake na umoja wake. Lakini mashindano ya matumizi hayana kikomo, na anayeshindwa hubaki na deni.

Basi tofauti iko wazi. Mtu akishindana kwa hoja, hata akishindwa hurudi nyumbani na faida. Akishindana kwa fedha, hata akishinda hurudi na hasara.

UBISHI NA KELELE

Nasema haya kwa sababu siku hizi ushindani umerudi kwa sura nyingine, na safari hii chombo chake ni spika. Mwenye harusi huku anafungulia muziki wake, mwenye harusi kule anafungulia wa kwake kwa sauti zaidi, na kijiji kizima kinashindwa kulala. Mgonjwa hapati usingizi, mtoto anakwenda chuoni alfajiri macho mekundu. Ukiuliza kwa nini, huambiwa kila mtu na starehe yake.

Huo si ubishi. Katika ubishi mtu anakupa sababu, nawe una nafasi ya kumjibu. Spika haingoji jibu. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba ngoma ivumayo sana mwisho hupasuka, lakini siku hizi kabla haijapasuka huwa imekwisha kuwapasua majirani.

Vivyo hivyo na mipasho. Wengi wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Dar es Salaam, Khadija Kopa akiwa na TOT na Nasma Khamis akiwa na Muungano, walivyokuwa wakijibizana jukwaani na watu wakijaa pomoni. Wapinzani wa mtindo ule husema uliharibu fumbo la taarabu kwa kusema mambo waziwazi. Watetezi husema kijembe ni cha zamani kama taarabu yenyewe. Kwangu mimi, wale waimbaji wawili walikuwa kazini na walilijua jukwaa lao. Tatizo ni sisi wasikilizaji tunaochukua wimbo uliokusudiwa jukwaa, tukamfungulia jirani dirishani kwa sababu ya ugomvi wa kisima. Hapo wimbo umegeuzwa jiwe, na hatuna haki ya kumlaumu aliyeuimba.

Nafikiri adabu za ubishi wa nyimbo ni chache na wazee wetu walizijua bila ya kuandikiwa. Usiuseme wimbo usioujua. Ukimpinga mtu, upinge wimbo wake, usiiguse nyumba yake wala ibada yake. Jirani akikuonyesha ubeti ulio mzuri, ukubali hata kama umetoka upande wa pili. Na adhana ikilia, nyamazeni nyote. Hapana bingwa mbele ya adhana.

KINACHOPOTEA

Huenda mtu akasema: mbona unatetea jambo ambalo halina hatari? Watu wa pwani hawatakosa la kubishania. Natamani ingekuwa hivyo.

Fikiri jinsi nyimbo hizi zilivyokuwa zikitufikia zamani. Ilikuwako santuri, kama zile za Mzuri zilizotolewa na Assanand & Sons wa Mombasa. Kisha ikaja kanda. Harusi ilirekodiwa usiku ule ule, na maduka kama Mbwana Radio Service yakauza nakala, kanda ikasafiri kwa matatu na kivuko cha Likoni mpaka ikafika kijijini. Redio ya kanda ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Kwa kuwa ni moja, ilibidi watu wakubaliane nini kichezwe kwanza, na wasipokubaliana walibishana. Muziki ulikuwa jambo la majirani kwa sababu chombo kilikuwa cha majirani.

Leo kila mtu ana chombo chake masikioni. Simu ya mkononi inaweza kubeba nyimbo zote za Bhalo na zote za Zein, na hili ni jema, sikatai. Lakini vijana watano wanaweza kuketi ukuta mmoja na kila mmoja akasikiliza chake bila ya mwenziwe kujua. Hapana anayehitaji kumshawishi mtu, kwa hivyo hapana anayehitaji kujua kwa nini anapenda anachokipenda. Mtu akiulizwa, husema tu, "Naipenda, basi." Neno hilo "basi" ndilo ninaloliogopa.

Wimbo ukiingia katika simu, aghalabu huingia na jina la mwimbaji peke yake, tena pengine limekosewa. Mshairi hayumo. Mpiga fidla hayumo. Harusi ya nani, mji gani, mwaka gani, havimo. Habari hizi zilikuwa zikiishi wapi? Zilikuwa zikiishi vinywani mwa wabishi. Wimbo ukitajwa vibaya barazani, palikuwa na mtu wa kuruka na kusema: "Hapana! Huo ni utungo wa fulani, na uliimbwa kwanza katika harusi ya watu fulani." Wabishi ndio waliokuwa makarani wetu. Kila mmoja wao anapofariki, daftari moja linafungwa. Na kanda zilizobaki makabatini zinaliwa na unyevu na chumvi ya bahari hii hii tunayoisifu.

Kwa hivyo natoa shauri, na halihitaji ruzuku ya serikali wala kamati. Mwenye kanda au santuri nyumbani na aitoe, siku moja ya wiki, ichezwe barazani kwa sauti ya kiasi. Wazee waseme wanachokijua juu yake: mtungaji ni nani, wapigaji ni akina nani, fumbo lake lilikuwa juu ya nini. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike, mwingine airekodi katika simu yake kabla utepe haujakatika. Kanda za kina mama zisisahauliwe, na pasiwepo wa kuzidharau. Na mzee wa sengenya apewe usiku wake, aje na nzumari yake, abishane na anayetaka.

Vijana nao waruhusiwe kuleta vyao. Siku hizi kijana akitaja nyimbo za Bongo au za Kongo barazani, huambiwa atoke na makelele yake. Tumesahau kwamba Bhalo mwenyewe alilaumiwa kwa mahadhi yake ya Kihindi. Kijana asifukuzwe, aulizwe. "Maneno yake yanasemaje? Fumbo liko wapi? Kesho utaukumbuka?" Akiwa na jawabu, tumejifunza jambo. Asipokuwa nalo, atakwenda kulitafuta, na huko kutafuta ndiko kusikiliza.

Mimi mwenyewe niko upande wa Zein, nisije nikaambiwa nimejificha. Udi ule ukilia, nakiona kisiwa ambacho sikukulia. Lakini jirani yangu wa ukuta mmoja ni mtu wa Bhalo mpaka kucha, na kwa miaka mingi amekuwa akijaribu kuniongoa. Hajafaulu. Nami sijafaulu kumwongoa yeye. Katika kujaribu huko nimejifunza nyimbo za Bhalo ambazo nisingalizijua, naye ananitajia tungo za Nabhany kwa moyo. Alipofiwa na mkewe, niliketi naye matangani siku tatu, na hatukutaja wimbo wowote. Usiku wa arubaini, watu walipokwisha kuondoka, ndiye yeye aliyeanza. Alinitazama akasema, "Na yule Zein wako, hata hivyo, alikuwa na kwikwi katika sauti."

Nilijua hapo kwamba jirani yangu amerudi. Nikamjibu inavyostahili, na tukakaa mpaka karibu na alfajiri.

Ubishi huo hatujaumaliza, na namwomba Mungu tusije tukaumaliza.